Mistari ya Kahawia kwenye Kioo cha Nyuma

Msikilizaji wangu, wewe unayenisikiliza redioni ukiwa garini, nina ombi. Ukifika mahali salama pa kusimama, geuka utazame kioo chako cha nyuma. Kama gari ni Noah, IST, Probox au jingine lolote lililotembea Japani kabla ya kufika kwetu, utaona mistari myembamba ya kahawia imelala kutoka kushoto kwenda kulia, kama mistari ya daftari. Jioni ya leo nina maneno juu ya mistari hiyo.

Nilipeleka gari langu kwenye gereji moja ili wanibandulie tinti ya kioo cha nyuma, ambayo ilikuwa imeanza kufanya mapovu. Fundi akatoa wembe. Nikamwuliza, "Fundi, huo wembe hautaharibu hii mistari?" Akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, hiyo ni ya theluji ya huko kwao. Hapa kwetu ni pambo tu." Nikanyamaza, maana hata mimi sikuwa najua zaidi yake. Kioo kikatoka safi, kinang'aa, nikalipa, nikashukuru.

Wiki haikuisha. Tulitoka Muleba alfajiri kwenda Bukoba kuwahi ndoa, watu 8 ndani ya gari, mvua imetushika tangu tunaondoka. Tulipokaribia Muhutwe kioo cha nyuma kilikuwa cheupe chote. Nikabonyeza swichi. Baada ya dakika chache ukungu ukaanza kuondoka juu, ukaondoka na chini, lakini katikati ukabaki ukanda mweupe, upana wake kama kiganja cha mtu mzima. Ukanda ule ulikaa palepale ambapo kioo changu cha ndani huangalia barabara ya nyuma. Lori likanipita upande wa kulia, honi imefunguliwa, na mimi sikuwa nimejua kwamba kuna lori. Dada yangu aliyeketi kiti cha mbele alishika dashibodi kwa mikono miwili. Hatukuzungumza mpaka Kemondo.

Basi kwanza niondoe hilo la theluji. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Sehemu chache sana za Tanzania zinaifikia. Mkiketi watu 8 garini, vioo vimepandishwa, makoti yamelowa, miamvuli inachuruzika chini ya viti, hewa ya ndani hushiba maji. Kioo nacho kinapigwa na mvua ya alfajiri kwa nje, kimepoa. Hewa iliyoshiba ikigusa kioo kilichopoa hutema maji yake pale, jinsi chupa ya soda baridi inavyotoka jasho mezani. Huo ndio ukungu wetu, na hauhitaji theluji. Dawa yake ni kukipa kioo joto la digrii chache, kipite kile kiwango ambacho hewa hulazimika kutema maji. Kazi ya mistari ni hiyo.

Imetengenezwa kwa fedha. Nasema fedha madini, ile ya pete na mikufu. Kiwandani husagwa ikawa unga, ikachanganywa na unga wa kioo, ikachapwa juu ya kioo cha gari, halafu vyote vikapitishwa tanuruni mpaka vikashikana. Umeme wa betri unaingia upande mmoja wa kioo na kutokea upande wa pili. Njiani unakinzwa, na kule kukinzwa ndiko kunakozaa joto. Aliyepima jambo hili kwa makini ni Mwingereza James Prescott Joule, na mwaka 1841 alichapisha kwamba mkondo wa umeme ukiongezeka mara 2, joto huongezeka mara 4. Ukoo wake ulikuwa wa wapika pombe, huko Salford. Napenda kulikumbuka hilo kila nionapo mtumbwi wa rubisi, kwa sababu mpika pombe yeyote, awe wa Salford au wa Kamachumu, anajua kwamba joto likikosewa kidogo, kazi yote imeharibika.

Sasa unene. Utando ule wa fedha una unene wa maikromita 10 hivi. Milimita 1 ina maikromita 1,000. Unywele wa kichwani mwako ni kama maikromita 70, kwa hiyo upange tando 7 kama zile, moja juu ya nyingine, ndipo ufikie unene wa unywele mmoja. Wembe wa fundi wangu haukuhitaji nguvu. Ulipita tu.

Ilikuwa Desemba, na Desemba kwetu watoto wanarudi. Mtoto wa kaka yangu anasoma uhandisi Dar es Salaam, naye alikuja kula Sikukuu nyumbani Muleba. Usiku ule wenzake walikuwa nje wakitega senene, taa inawaka, mabati yamesimamishwa, watoto wanapiga kelele. Yeye alikuwa mezani na kompyuta yake ya mapajani. Nikamsimulia habari ya kioo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Shangazi, kabla hatujagusa kitu, tukiige kwanza kioo chenyewe humu ndani. Tuone joto linakwendaje."

Kuiga kwa kompyuta, msikilizaji, ni jambo ambalo watu hulisikia wakadhani ni la wataalamu wa roketi. Kiini chake ni hiki. Kitu kizima ni kigumu kukihesabu, kwa hiyo unakikata vipande vidogo vidogo, halafu unakilazimisha kila kipande kukubaliana na jirani zake: mkondo unaoingia kwangu lazima utoke, joto ninalolipata lazima nimpe jirani, au nilipeleke hewani, au nibaki nalo nipande moto. Sheria ambazo vipande vinatii ni za siku nyingi. Ya mkondo ni ya Mjerumani Georg Ohm, ya mwaka 1827, ile inayofundishwa sekondari. Ya joto ni ya Mfaransa Joseph Fourier, ya mwaka 1822. Kilichokuja baadaye ni nguvu ya kukokotoa vipande maelfu kwa pamoja; jina la njia hiyo lilitolewa na Mmarekani Ray Clough mwaka 1960. Programu aliyotumia kijana wetu inaitwa Elmer. Wafini waliianza mwaka 1995, na tangu 2005 yeyote anaruhusiwa kuichukua bure na hata kuifungua aone ilivyoandikwa ndani. Hakununua kitu. Alikuwa nayo tayari.

Akaanza vile ambavyo mtu yeyote mwaminifu angeanza. Kama utando una unene wa maikromita 10, akasema, basi tukate vibonge vya maikromita 10 kila upande. Mstari mmoja una urefu wa mita 1 na upana wa nusu milimita. Tukapiga hesabu pamoja kwenye karatasi ya nyuma ya kalenda. Kwa urefu, vibonge 100,000. Kwa upana, 50. Mstari mmoja, vibonge milioni 5. Mistari 12, milioni 60. Halafu kioo chenyewe, upana wa mita 1, kimo sentimita 40, unene milimita 3: ukikikata kwa kisu kilekile unapata vibonge trilioni 1.2. Hakufika huko. Alijaribu kipande kidogo tu cha kioo na mistari yake, feni ya kompyuta ikalia kama mzinga wa nyuki, skrini ikaganda. Tukaenda kula.

Hapa ndipo penye ugumu wa jambo lote, na ndiyo sababu nimelileta redioni. Tatizo si kwamba kitu ni kikubwa. Tatizo ni kwamba kitu ni kipana sana na chembamba sana kwa wakati mmoja. Kisu kinachofaa kwa wembamba kinazidiwa nguvu na upana, na kisu kinachofaa kwa upana hakiuoni wembamba kabisa.

Baada ya chakula alirudi mezani, akaketi muda mrefu bila kugusa kitu. Kisha akasema, "Shangazi, tuufute unene."

Nikamwambia, mwanangu, unene ukiufuta utando unakuwa haupo.

Akasema hapana. Tunaufanya kuwa uso tu, kama rangi iliyopakwa, hauna juu wala chini. Unene wake tunaufunga ndani ya namba moja, na namba hiyo tunaibandika kwenye huo uso. Akaniomba mkeka. Ninao mkeka wa ukindu, zawadi ya mama mmoja wa Muleba, una miraba ya rangi. Akaweka kidole juu ya mraba mmoja. "Chukua kwamba mkeka huu ndio utando. Umeme unaingia ukingo huu wa mraba, unatokea ukingo ule. Utapata ukinzani fulani. Sasa chukua mraba mkubwa, wa upana wa mkeka mzima. Ukinzani wake unadhani ni mkubwa au mdogo?" Nikasema mkubwa, maana safari ni ndefu. Akatabasamu. Safari ni ndefu, kweli, lakini na njia imepanuka kwa kiasi kilekile. Urefu unaongeza ukinzani, upana unaupunguza, vinafutana. Mraba wa kiganja na mraba wa kitanda, kama utando ni mmoja, ina ukinzani uleule. Kwa hiyo kwenye utando huulizi mita ngapi. Unauliza miraba mingapi. Mstari wetu, wenye mita 1 kwa nusu milimita, ni miraba 2,000 iliyopangwa kama shanga. Ukijua ukinzani wa mraba mmoja, unajua wa wote.

Nilikaa na jambo hilo usiku ule. Miaka yangu yote shuleni nilifundishwa ukinzani wa waya, na hakuna aliyewahi kuniambia habari ya miraba, wakati imelala sakafuni kwangu.

Lakini namba ya mraba mmoja tunaipata wapi? Kompyuta haiwezi kuizua. Asubuhi tukaenda kwa fundi rewaya pale Muleba mjini, kijana wa makamo ya huyu wetu, ana benchi chini ya mti na mita mbili za kupimia umeme. Tukamweleza. Hakuuliza maswali mengi. Akawasha swichi, akashikiza ncha nyeusi kwenye bodi ya gari, akachukua ncha nyekundu aliyoizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ili isikwaruze, akaiweka mwanzoni mwa mstari mzima. Volti 12. Akaitelezesha taratibu. 11, 10, 9. Katikati ya kioo, 6. Mwisho wa mstari, 0. Mteremko mzuri, kama barabara iliyochongwa na mhandisi. Akahamia mstari uliokatwa. 12. Akateleza, 12. Akateleza, bado 12. Halafu ghafla, 0. "Hapa, mama." Akaweka alama kwa kalamu. Palikuwa na mkwaruzo ambao macho yangu yasingeuona kamwe. Kwa muda usiozidi dakika 5 alikuwa amepata mikato 3, kwenye mistari 3 iliyofuatana, na mahali pa nne ambapo wembe haukukata bali ulimenya nusu ya upana.

Nataka msikilizaji uone nilichokiona. Kijana wetu alifungua kompyuta yake juu ya benchi, akaonyesha mchoro wa mstari mmoja aliouhesabu usiku. Ulikuwa ni ule mteremko: 12, 6, 0. Fundi akautazama, akasema, "Mbona hiki ndicho nilichopima." Ndiyo. Mmoja alikuwa ametelezesha ncha ya mita juu ya kioo, mwenzake alikuwa ametelezesha milinganyo ya Ohm, wakakutana. Sijui shule inayoweza kufundisha somo hilo vizuri kuliko benchi lile chini ya mti.

Fundi akachukua mita ya kubana, akabana waya unaokwenda kwenye kioo. Ampia 10.8. Mistari mizima ilikuwa 9, kwa hiyo kila mmoja ulikuwa ukibeba ampia 1.2. Volti 12 kwa ampia 1.2 ni omu 10. Omu 10 kwa miraba 2,000 ni omu 0.005 kwa mraba. Hiyo ndiyo namba. Kumbuka kwamba usingeweza kuipata kwa kupima omu za mstari mmoja ukiwa umeunganishwa na wenzake, maana mita ingesoma njia zote kwa pamoja. Mistari ya juu ni mifupi kidogo kuliko ya chini. Tofauti hiyo tuliiacha.

Tulirudi nyumbani na namba moja, na kompyuta iliyoshindwa usiku ikamaliza kazi kabla chai haijapoa. Mistari 12 sasa ilikuwa vipande vya bapa 96,000 badala ya vibonge milioni 60, na kioo kikakatwa vipande vikubwa zaidi kadiri unavyokwenda mbali na mistari.

Je, tulidanganya kwa kufuta unene? Swali hilo nililiuliza mimi, na jibu lake lilinifurahisha kuliko yote. Mstari mzima wenye ampia 1.2 unatoa wati 14.4. Joto hilo likiwa linavuka unene wa utando kuelekea kwenye kioo, tofauti ya moto kati ya uso wa juu wa utando na uso wake wa chini haifiki sehemu 1 ya 500 ya digrii. Hakuna mita ya soko lolote itakayoiona. Kwa utando huo, maneno "juu" na "chini" hayana maana tena. Tulichofuta kilikuwa kimeshajifuta chenyewe.

Kioo ni habari nyingine. Kioo kinapitisha joto kwa shida, na hesabu ilionyesha kwamba joto likitoka kwenye mstari linatembea sentimita 1 na kidogo tu kabla hewa haijalichukua. Ndiyo maana waliotengeneza kioo waliweka mistari umbali wa sentimita 3 hivi. Katikati ya mstari na mstari kioo kinapata nusu hivi ya joto la pale penye mstari, na nusu hiyo inatosha kufukuza ukungu. Kata mistari 3 inayofuatana, na pengo linakuwa sentimita 12. Jirani wa juu anatoa sentimita yake moja na kidogo, jirani wa chini yake moja na kidogo, katikati panabaki baridi. Ule ukanda mweupe wa Muhutwe ulikuwa pale kwenye skrini, wa bluu.

Halafu pale wembe ulipomenya nusu ya upana. Mkondo haupungui kwa sababu njia imebanwa. Wote unajikamua kupita pale. Kwenye eneo dogo lile joto kwa kila milimita ya mraba ni mara 4 ya kawaida, ni Joule yuleyule. Mstari uliomenywa haujafa, lakini unajipika mahali pamoja kila unapowashwa. Kama mita ya fundi isingepagundua mahali pale, tungekuja kuona mstari wa nne umekatika tukadhani ni uzee.

Fedha ikipata moto ukinzani wake unapanda, kama asilimia 0.4 kwa kila digrii. Aliliweka na hilo. Halikubadilisha sura ya jambo.

Naona simu zinaanza kuita, nitazipokea baadaye kidogo. Kuna anayeweza kusema, huyu mama anatusumbua na kioo cha gari. Hapana. Tando zinazopashwa kwa umeme ziko mahali pengi kuliko unavyodhani. Ndege za abiria zinazotua uwanja wetu wa Bukoba, pale ukingoni mwa ziwa, vioo vya mbele vya rubani hupashwa kwa tabaka la kupitisha umeme lisiloonekana kwa macho, jembamba kuliko utando wa gari langu mara nyingi. Na mashine ya GeneXpert, ile inayopima kifua kikuu, ndani ya kila chumba chake ina mabamba 2 ya kauri yaliyochapwa utando wa kupasha, yamekibana kichupa cha sampuli katikati. Yanakipandisha moto, yanaacha kipoe, yanakipandisha tena. Kipimo cha vinasaba kinaishi kwa kupanda na kushuka huko: juu karibu na digrii 95, chini karibu na 60, mara 40 hivi. Sisi wa Kagera hatuhitaji kuelezwa thamani ya kipimo sahihi. Machi 2023 homa ya Marburg ilitangazwa hapa kwetu Bukoba Vijijini, ikaondoka na watu 6 kabla ya kutangazwa kwisha tarehe 2 Juni. Januari 2025 ikaibuka tena Biharamulo, na ilibainika kwa maabara ya kuhamahama ya Kabaile, humuhumu mkoani. Mahali ambapo majibu ya kipimo yanaamua nani atengwe na nani aende nyumbani, bamba lenye upande uliopoa si jambo dogo.

Kwenye bamba la namna hiyo njia ya utando mara nyingi huenda kwa kujikunja kama nyoka, na kwenye kila kona kuna mtego. Mkondo haufuati kona kiungwana. Unakata ndani, vilevile watu wanavyokata kona ya kibanja cha jirani badala ya kufuata njia, mpaka majani yanaisha na udongo unang'aa. Pembe ya ndani inaungua, pembe ya nje inabaki baridi. Mraba wa kona, ukiuhesabu vizuri, una thamani ya mraba 0.56 tu. Na hapo ndipo wanaoanza kuiga hunaswa: ukichora kona kali kabisa, kila unapokata vipande vidogo zaidi, kompyuta inakupa moto mkubwa zaidi pale penye ncha, na ukiendelea inaendelea, haifiki mwisho. Kijana wetu aliniambia alipoteza wiki nzima chuoni akifukuza namba hiyo. Kiwandani hakuna kona kali namna hiyo. Zote zina mviringo, hata kama ni wa sehemu ya milimita. Uchore mviringo huo, na namba inatulia.

Kuna na mahali ambapo kufuta unene ni kosa la wazi. Pale waya wa betri unapoungwa kwenye kioo kwa kipande cha shaba na risasi, mkondo unateremka kutoka kwenye kitu kinene kuingia kwenye utando. Pale juu na chini vina maana. Alikiacha kipande kile na mwili wake wote, akafuta unene kwingine kote. Kujua wapi ufute na wapi uache, nadhani hiyo ndiyo fani yenyewe, na kompyuta haimfanyii mtu.

Namwomba mwalimu wa fizikia anayenisikiliza, uwe Ihungo, Kahororo, Rugambwa au shule ya kata iliyoko kilimani Nshamba: chukua gari lolote la mwalimu mwenzako, omba mita, waache wanafunzi watelezeshe ncha kwenye kioo cha nyuma na kuchora walichosoma. Nawaomba na wenzetu wa VETA pale Burugo: wapeni vijana wa umeme wa magari programu hizi za bure. Vijana hao tayari wanajua jibu linavyopaswa kuonekana, kwa sababu wamelipima kwa mikono yao. Mhandisi anayetoka chuoni bila kuwahi kushika mita ndiye atakayeamini kona kali.

Mistari yetu tuliitengeneza. Kuna rangi ya kuziba yenye unga wa fedha, huuzwa kwenye kichupa kidogo. Kijana wetu alikuwa ameshaiga na hilo: kiraka kikiwa chembamba mno kitaungua, kikiwa kipana na kinene mno kitapitisha umeme bila kukinza, kwa hiyo hakitatoa joto, na pale patabaki baridi. Akamwomba fundi abandike selotepu 2 sambamba, aache nafasi ya upana wa mstari, ndipo apake. Mikato 2 ilizibwa hivyo, vizuri sana, na ile sehemu iliyomenywa pia. Mkato wa tatu ulikuwa umebanduka sentimita 3 nzima, selotepu ikateleza, rangi ikamwagika pande zote. Fundi alitaka kuifuta aanze upya. Jua lilikuwa linazama, nikasema iacheni.

Tuliondoka Muleba siku ya pili yake kabla hakujapambazuka, kumpeleka kijana Bukoba apande basi la kurudi Dar es Salaam. Mvua ileile. Kioo kikawa cheupe, nikabonyeza swichi. Kwanza zikatokea nyuzi 12 za giza, kila moja juu ya mstari wake, halafu zikaanza kupanuka, na mahali zilipokutana barabara ikaonekana. Taa za gari la nyuma zilikuwa mbali, karibu na kona. Katikati ya kioo, upande wa kushoto kidogo, kilibaki kidoa kimoja cha ukungu cha ukubwa wa dole gumba. Kijana aligeuka akakitazama. Kisha akafungua kompyuta yake gizani, akaigeuza upande wangu kidogo ili nione kwa pembe ya jicho: kioo kizima cha njano, na upande wa kushoto kidogo wa katikati, kidoa kimoja cha bluu.